Ripoti ya Nusu Mwaka

Mkurugenzi anataka tarakimu kabla ya Ijumaa.
Mpango wa Afya Kazini umetimiza miezi sita,
wenye hisa wanauliza umezaa nini.
Amesema: za kupanda zipande, za kushuka zishuke,
nawe usiniletee hadithi.

Basi niko hapa, Barabara ya Lunga Lunga,
Julai imekaza meno, dirisha halifungi vyema,
harufu ya gundi ya katoni imenizoea
nami nimeizoea; hatujuliani hali tena.

Siku za ugonjwa: mia mbili na kumi mwaka jana,
mwaka huu sabini na nne.
Nimechora mstari wa kijani, unapendeza.
Mstari hausemi kwamba tangu Machi,
wale kumi na mmoja walipoachishwa,
hakuna anayethubutu kuugua.
Mutheu alikohoa wiki tatu kwenye mashine ya kukunja,
akikoholea ndani ya leso
kama mtu anayeficha pesa.
Kwenye jedwali langu Mutheu ni mzima.

Hatua kwa siku: wastani elfu sita na mia nne.
Bingwa ni Oduya wa mauzo. Kikombe kapewa, picha kapigwa.
Jumamosi alimfunga mwanawe kile kidude mkononi
akamwachilia uwanjani na mpira.
Twajua sote.
Anayetembea kweli ni Lokiru, bawabu wa usiku,
lango hadi stoo, stoo hadi lango, mpaka kupambazuke.
Lakini Lokiru ni wa kampuni nyingine, hana safu.
Nilipomuuliza hutembea kiasi gani, alicheka:
"Muulize baridi, ndiyo inayohesabu."

Mfadhaiko: kipimo cha moja hadi kumi.
Arobaini na wawili wameandika tatu.
Tatu si jibu. Tatu ni mlango
uliorudishwa polepole usije ukasikika.

Sasa kuna hili, na sijui nilitie wapi.
Alhamisi moja ya Mei, siku ya kupima viuno,
muuguzi alichelewa, foleni ikaanza kujipima yenyewe.
Githaiga na Nyaboke hawakuwa wamesemezana miaka miwili
kwa ajili ya mkopo wa sacco:
Nyaboke mdhamini, Githaiga mkopaji aliyezima simu.
Wakajikuta wao wawili na futikamba moja ya fundi cherehani.
Nyaboke akaizungusha. Mikono yake ikakutana mgongoni.
Kimya.
Kisha: "Umekonda, wewe. Unakula kweli?"
Na Githaiga, mtu mzima na mvi zake,
akaangalia dari kwa muda mrefu
kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale.

Siku ile sentimita hazikuandikwa.
Safu ya tisa iko wazi hadi leo,
na kompyuta inaniwekea alama nyekundu:
takwimu hazijakamilika.

Ningeweza kujaza wastani. Wengi hujaza.
Nimeandika themanini na nane, nimefuta.
Nimeandika tisini, nimefuta.

Chini, mashine ya kukunja imesimama kidogo,
na katika ule upenyo wa kimya namsikia mtu akikohoa,
mara moja, mara ya pili,
na sijui kalamu yangu imeanza lini
kuchora vijiti pembeni mwa karatasi.