Meza

Nilimwomba Wanjala azime kinu saa mbili tu.
Akapangusa unga kwenye nyusi, akaniuliza:
"Huo muziki wenu, unasongwa?"
Basi. Kinu kikaendelea kunguruma chini ya sakafu yangu,
mkanda wake wenye kiraka ukipiga
tu, ta-tu-ta, tu, ta-tu-ta.
Kariobangi nzima inaujua. Hakuna anayeusikia.

Aliusikia mgeni.
Yadiel wa Barranquilla, koti la manjano,
miwani ambayo hakuivua hata kwenye giza la ngazi,
alisimama mlangoni mguu mmoja hewani
kama mtu aliyeitwa kwa jina lake la nyumbani.
Akaelekeza kidole sakafuni, akacheka.
Kumbe mdundo wao wa regetoni
umekuwa ukisaga mahindi hapa tangu nipange chumba hiki.

Kerubo hakucheka.
Kerubo huchana mistari kama achambuaye dagaa,
kichwa huku, mwili kule, bila huruma,
na alikuja na daftari na swali moja:
jina la nani linatangulia?
Mameneja walilipigania kwa simu wiki tatu.
Lake likija nyuma ya "akimshirikisha",
ni mgeni wa arusi aliyepakuliwa jikoni.
"Nimezaliwa mita mia nne kutoka hapa," alisema.
"Nashirikishwaje kwetu?"

Sikuwa na jibu. Nikaagiza chai.

Na lugha hawakuwa nayo.
Mkalimani amekwama Outering, simu imezima.
Kiingereza chao wote wawili kilikuwa cha uwanja wa ndege.
Wakarushiana nyusi, vidole, "sawa", "oke".

Kisha Kerubo, kijiko mkononi: "Sukari?"
Na yule, polepole, kama anayeokota shilingi:
"Azúcar."
Wakatazamana.
Kerubo akagonga mbao. "Meza."
"Mesa."
Akatoa noti ya hamsini. "Pesa."
"Peso!" Miwani ikavuliwa.
Akakimbilia bafuni kwangu, akarudi na kipande cha sabuni,
kina nywele, nikaona haya.
"Jabón," alisema, mwanzo wake ukikwaruza koo.
Tukalikubali.

Sijui nani alimwachia nani maneno hayo.
Wafanyabiashara, mabaharia, watu wenye bunduki,
walipita kwao, walipita Pwani yetu,
wakachukua walichochukua,
wakasahau vitu vinne studio kwangu.

Kerubo akafunga daftari.
Alichochana hakikuwa mle.
Alikuwa mamake akikata mche wa sabuni kwa uzi,
pesa chini ya kitambaa, sukari ya kupimwa kwa kijiko,
na ile meza waliyoibeba usiku, miguu juu,
siku mwenye nyumba alipotia kufuli lake mlangoni.
Yadiel hakuelewa yaliyo katikati.
Aliyavizia yale manne; kila moja likipita alilidaka,
akalirudisha kwa sauti iliyopasuka kidogo pembeni,
na chini yao unga ulikuwa unashuka.

Kwenye ubeti wa tatu mita ya stima ikaanza kulia,
ti, ti, ti, uniti mbili zimebaki.
Nimeiacha humo.

Faili nimeliita "Meza, ya mwisho, ya mwisho kabisa, 3".
Mameneja bado wanapigiana.
Na leo asubuhi Wanjala amepanda ngazi,
mweupe hadi kope,
anataka kujua la kwake litaandikwa wapi.