Mguu wa Kwanza

Tarbert, usiku wa kufunga mwaka.
Mvua inagonga sitaha kama mtu anayedai deni.
Tumo saba ndani ya mashua ya watu wawili,
goti kwa goti, makoti yamelundikwa kitandani,
na pai ya nyama imeokwa kwa Eilidh, gati namba tisa,
kwa kuwa jiko letu halimezi sufuria ya pili.

Desturi ya hapa: anayetangulia kuvuka kizingiti
mwaka ukishageuka, awe mwanamume wa nywele nyeusi,
mkononi kipande cha makaa ya mawe.
Miaka sita mtu huyo alikuwa Ruaridh.
Kila mwaka alijigonga kichwa pale pale mlangoni,
akalaani kwa Kigaeli, tukacheka,
mwaka ukaanza.

Sasa tunatazamana: mvi, mvi, upara,
na Torquil, ambaye weusi wake ni wa chupa.
Saa sita. Honi za meli za uvuvi zinapasuka.
Hakuna anayesimama.

Kisha mashua inalalia upande, kidogo tu.
Sisi tuishio majini humjua mgeni kwa uzito wake
kabla hajabisha.
Huu ni mdogo, wa kusitasita:
Peigi, mjane wake, aliyesema haji.
Kofia ya sufu ya marehemu, nyeusi, imemfika nyusini.
Kipande cha makaa kakifunga katika leso.

Anainama vizuri. Hagongi kichwa.
Halafu anarudi nyuma hatua moja,
anaupiga ubao wa mlango kwa ngumi, ko!
na kwa sauti isiyo yake
analaani.

Eilidh akaanza kukata pai.