Bushi ya Kumi na Mbili

Karakana yetu iko Ipuli, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga.
Panga la mtambo limelala juu ya fremu za mninga,
mita tano, jeupe,
kama mgeni aliyelazwa chumba kisichomtosha:
ncha imetoka dirishani, shina linatazama mlango.

Kwenye shina, matundu kumi na mawili kwa duara.
Kila tundu litapokea bushi ya chuma,
kila bushi itapokea bolti,
na mtambo utavuta maji Sikonge
Mungu akipenda na upepo ukikubali.
Kati ya chuma na faiba hakuna msumari.
Kuna gundi tu. Milimita moja na nusu ya gundi
itakayoambiwa: shika,
usiku na mchana, miaka ishirini,
panga likivutwa kuelekea nje
kama mtoto anayezungushwa na mjomba wake uwanjani.

Oktoba ya Tabora haina mzaha.
Gundi ikikutana na kigumishi saa sita mchana
inachemka yenyewe koponi, inatoa moshi,
inakuwa jiwe lenye kijiti ndani.
Makopo mawili yametupotea hivyo.
Sasa tunaanza saa kumi alfajiri, mimi na Ndaki,
yeye tochi, mimi sirinji.

Bushi nilizikwangua kwa msasa mpaka zikapoteza mng'aro;
gundi haipendi uso uliojipamba.
Nikazifuta kwa asetoni, kitambaa kipya kila moja.
Baada ya hapo, marufuku kidole.
Ndaki alishika moja kunionyesha ilivyo nyepesi.
Nikairudisha kwenye msasa. Akacheka.
Mafuta ya kidole hayacheki.

Na nta.
Nta ya mama, ya mizinga yake kule Ipole,
nimeipaka kwenye meno ya bolti za kushikizia,
zile zinazozuia bushi isiyumbe gundi ikiganda.
Mama aliuliza, "Nta yangu ndiyo itashika chuma?"
Hapana, mama. Nta ni ya kukataa.
Gundi ikiifikia, inarudi.
Alinyamaza, akakata kipande kingine, akakitia mfukoni mwangu.
"Basi chukua cha kutosha. Cha kukataa kisikupungukie."

Kumi na moja ziliingia vizuri.
Gundi ilipanda kutoka chini, polepole, ikisukuma hewa mbele yake,
ikatokeza mdomoni mwa tundu pete ya kahawia.
Kwenye ya kumi na mbili
garimoshi la Mpanda likapiga honi,
tochi ikageuka,
kidole gumba changu kikaharakisha.

Kesho yake nikagonga shina kwa sarafu ya mia mbili,
sikio karibu.
Ti. Ti. Ti. Ti.
Nikazunguka duara lote.
Tu.

"Kumi na moja zitambeba mwenzao," alisema Ndaki.
"Lori linakuja Jumatatu."
Nilikuwa natafuta drili.

Kilichoshika nusu ndicho kigumu kutoa.
Pasha moto, vuta, hakuna. Pasha, vuta.
Ilitoka saa tisa mchana na koti lake la gundi,
na kwenye koti, ubavuni, pengo la ukubwa wa kunde,
laini, safi, linang'aa
kama kitu kilichotengenezwa makusudi.
Ndaki aliingiza ncha ya kidole cha mwisho.
Hakuutoa mkono wake haraka.

Jumatatu lori lilisimama nje, injini ikinguruma.
Nilishika bolti ya kushikizia, ya kumi na mbili,
nikaizungusha kwa vidole viwili.
Ikatoka na harufu ya asali.
Bushi ilibaki.

Bwana Lusangija akatazama saa yake,
akauliza ni nini hasa kilichotuchelewesha.
Nikafungua mdomo.
Ndaki akanitangulia, akampa ile sarafu.
"Gonga," alimwambia.