Nani Alimwona Chawa?

Mbarara, saa nne usiku. Umeme umerudi
na ripoti ya Kundi la Saba iko mbele yangu:
majina manne juu, mwandiko mmoja chini,
herufi za Nuwamanya, zimesimama wima
kama wanafunzi wa bweni kwenye paredi.

Fomu ina kisanduku kimoja. Alama ya kundi, kati ya ishirini.
Nikiandika kumi na sita, wote wanne wanakula kumi na sita,
hata Lamwaka, ambaye Jumanne ile hakuonekana
na jina lake limebanwa pembeni kwa wino mwingine.

Kidole kimoja hakivunji chawa,
tunawaambia wiki ya kwanza.
Hatuwaambii kwamba vidole vingine
hufika chawa akishakufa,
kujipaka damu kwenye ukucha.

Nafungua daftari la vipimo,
lile chafu, lenye tundu la asidi na duara la kikombe cha chai.
Bureti, usomaji wa tatu: 24.10.
Umekatwa. Kando yake, kwa penseli butu, 24.30,
na maneno matatu: macho yalikuwa juu.

Penseli ya nani?

Asubuhi nawaita mmoja mmoja.
Nuwamanya: "Mimi niliandika tu, Daktari."
Kyarisiima anahesabu vigae vya sakafu.
"Labda Esabu," anasema.

Esabu, kijana kutoka Kumi,
ambaye moyoni nilishampa mbili.
Mchana kutwa nilimwona na dumu la njano,
akipanda na kushuka ngazi za maabara
kwa sababu mifereji ilikuwa mikavu,
akisuuza flaski za watu wengine.
Daftarini mwangu, kwa kalamu nyekundu:
huyu hafanyi kitu.

"Nilikuwa nimeinama kuokota kizibo," anasema.
"Ukiinama, maji unayaona yalipo.
Wao walikuwa wamesimama."
Kisha anaomba ruhusa; ana kipindi.

Nimekaa na rula.
Nakigawa kisanduku, mstari huu, mstari ule,
vyumba vinne vidogo ambavyo ofisi ya mitihani itavikataa.
Maji nayapimaje? Ngazi arobaini mara tisa ni alama ngapi?
Nafuta maneno yangu mekundu. Wino haufutiki.
Mimi pia nilisoma nikiwa nimesimama.

Kyarisiima, kumi na tatu. Nuwamanya, kumi na tano; atakuja kulalamika, na aje.
Esabu naandika, nakata, naandika.
Chumba cha nne kiko wazi.
Lamwaka simu yake haipokelewi,
na sijui kama nimuulize alikuwa wapi
au nimuulize yuko salama.