Safu ya Faida

Mali bila daftari hupotea bila habari,
kwa hiyo daftari nalishika mimi,
meza ya jikoni, Ottumwa, Iowa,
kando ya dirisha linalopitisha baridi.

Ukurasa wa kwanza, Machi, miaka kumi na miwili nyuma:
*Lyle, alama moja, dola hamsini na mbili.*
Alama haina nyama, haina ngozi.
Ni ruhusa ya kuomba tena mwakani
hatua moja mbele ya mtu mwingine
ambaye naye anangoja.
Wyoming wanauza foleni, nikamwambia,
na wewe unanunua mahali pa kusimama.

Akacheka. Akatia noti ya ishirini
katika kopo la kahawa, akalipiga mfuniko
kama anayemfinika kuku.

Kulungu wa hapa tunao.
Wanakula kabichi zangu alfajiri, bila haya,
na kibali cha mkazi ni bei ya viatu vya mtoto.
Mwaka wa nne nilimwonyesha mmoja kwa kidole:
yule pale, Lyle,
hajavuka hata kamba ya kuanikia nguo.
Akamtazama. Akasema: *Huyo namjua.*

Nilikaa na jibu hilo majira yote ya baridi.

Mwaka wa sita paa la banda likaporomoka.
Mwaka wa saba meno ya Maren, nyaya za kuyanyoosha;
kopo likashushwa, likahesabiwa, likarudishwa rafuni,
na meno tukayalipa kwa zamu za usiku kiwandani.
Sikumsamehe upesi. Sitadanganya hapa.
Mwaka wa tisa wakapandisha ada ya wageni.
Mwaka wa kumi goti lake likaanza kulia ngazini
kama bawaba.

Mwaka wa kumi na mbili, Mei, droo: amepata.
Alisimama mbele ya friji, soksi moja mguuni,
nyingine mkononi,
akasoma barua ile kwa sauti, hadi jina la mchapaji.

Sasa andika, Corinne:
kibali, petroli ya kwenda, petroli ya kurudi,
tairi moja huko Nebraska,
buti, kwa sababu za zamani zilizeeka zikingoja.

Wapiti, ndivyo wanavyoitwa kulungu wale wa milimani,
na siku sita wapiti hawapiti.
Theluji, nyayo za jana, kinyesi kikavu.
Siku ya saba wakapita, kundi zima,
ng'ambo ya waya, ardhi ya mtu,
kibao chekundu juu ya nguzo.
Lyle hakuuruka waya. Goti, alisema.
Namjua. Hata angekuwa na magoti manne.

Alinipigia nikiwa dukani, trei ya mayai mkononi.
*Usiseme kitu*, akanong'ona.
Kisha nikasikia filimbi, ikipanda, ikipanda,
ikakatika ikawa mkoromo,
kama lango la chuma linalofunguliwa juu ya dunia
na mtu asiye na haraka.
Keshia aliniuliza kama nina kadi ya punguzo.
Nikamwinulia kidole: ngoja.

Alirudi na jokofu la barafu lililojaa maji.

Nikapiga hesabu. Dola elfu tatu mia nane na kumi na nne,
gawanya kwa kilo sifuri:
kikokotoo kikaandika *kosa*.
Nikagawanya kwa sekunde arobaini za simu.
Dola tisini na tano kila sekunde, na senti.
Ghali. Nimewahi kulipa zaidi
kwa daktari aliyenitazama muda mfupi kuliko huo
na sikumbuki hata sauti yake.

Januari. Alama imerudi sifuri,
goti limefungwa bandeji, banda lina turubai.
Dada yangu ananiuliza: ilifaa?
Safu ya faida bado sijaijaza.
Kalamu ipo, wino upo.

Kopo nalo limerudi rafuni.
Ndani kuna noti ya ishirini, ya Lyle, imenyooka,
na ya kumi, imekunjwa mara nne,
jinsi ninavyokunja mimi.