Shusha Taa

Barabara ya Gosberton haina kona wala huruma.
Imenyooka kama uzi uliovutwa kati ya misumari miwili,
kabichi kulia, kabichi kushoto,
na kandokando mitaro miwili ya maji meusi, kimya,
inayosubiri mtu apepese jicho.

Saa tano kasorobo usiku. Novemba.
Mimi na Micra yangu ya mtumba,
taa zake manjano kama chai ya rangi iliyozidi maji,
sare ya kazi chini ya koti, glavu mfukoni.
Natoka Surfleet kumgeuza Bi Maureen ubavu,
naenda kumpa Mzee Clifford vidonge vyake.

Kwa mbali inazaliwa nukta.
Huku nukta huchukua dakika tatu kuwa gari,
dakika tatu za kuogopa kitu unachokijua.
Kisha hizo hapo: nyeupe,
si weupe wa maziwa wala wa pamba,
ni weupe wa sindano, wa chumba cha upasuaji,
zimepachikwa juu, usawa wa paji la uso wangu,
kana kwamba aliyeziunda
hajawahi kukutana na mtu anayekuja.

Kwetu, mtoto akimkodolea mkubwa macho hivyo
angekula kofi.
Napiga fulu mara moja: ndugu, nami nimo.
Hajibu. Au pengine hizo ndizo taa zake ndogo.
Mwenye macho haambiwi tazama, sawa,
lakini mwenye taa, nani humwambia inamisha?

Mpima macho wa Spalding, kijana mwenye vidole baridi,
aliniambia: usiziangalie, fuata mstari wa pembeni.
Basi ndivyo ninavyoendesha.
Nimeukabidhi uhai wangu kwa rangi iliyobanduka,
nikihesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne,
mpaka upepo wa lile dude uusukume mlango wangu
na giza lirudi. Si giza lile la mwanzo,
ni jingine, lenye madoa ya kijani yanayoogelea,
ambamo sungura, baiskeli, mtu na mbwa wake
wote wana rangi moja: hakuna.

Jumanne nusura niingie mtaroni.
Gurudumu la kushoto lilikanyaga nyasi, likanong'ona,
nami nikaita majina ya watu waliokufa zamani.

Nikafika natetemeka, hasira bado iko vidoleni,
nikafungua mlango wa Mzee Clifford,
nikapiga swichi ya dari.
Paa! Chumba chote mchana.
Naye, aliyeendesha lori la koliflawa miaka thelathini
mpaka London na kurudi kabla ya alfajiri,
akainua mkono wenye mishipa ya samawati,
akajifunika uso,
akasema, kama anayemwambia dereva aliye mbali sana:
"Shusha taa, bata. Shusha."
(Bata ndilo jina la upendo huku. Nimeshazoea.)

Miezi mitano nimeingia hivyo. Miezi mitano.
Hakusema, nami sikuuliza
kwa nini kila nikija namkuta amefumba macho.

Siku hizi tochi ya simu naielekeza sakafuni,
kwenye zulia la maua yaliyofutwa na slipa zake.
Nasimama kidogo. Namwacha anione kwanza.
Anasema taa za zamani zilikuwa na adabu.
Nasema, watu. Anasema, hapana bata, taa,
watu walikuwa wapumbavu vilevile.

Juzi narudi, ukungu umetandikwa juu ya kabichi,
nukta ikazaliwa upande wa Donington.
Nikaanza. Moja, mbili,
zikashuka.
Mapema, bado mbali, bila kuombwa.
Nikatafuta nami cha kushusha,
zangu zilikuwa chini tayari,
nikashusha mabega.
Tukapishana kama watu wawili kwenye ngazi nyembamba.
Lilikuwa trekta, limejaza viazi sukari hadi pomoni.
Kimoja kilidondoka nyuma yake, kikaviringika njiani.
Nilikiona.