Sentimita Thelathini na Nane

Saa tatu asubuhi, saa kumi jioni,
miaka kumi na moja sasa,
nashuka ngazi za udongo chini ya daraja
hadi kwenye ubao uliopigiliwa nguzoni,
nasoma maji yamefika wapi.
Naandika. Napanda. Basi.
Haba na haba, wanasema; kibaba changu bado.

Mimi Somoe Nangonga, wa Mingoyo.
Lukuledi naujua kwa tarakimu.
Kuna masika uliumeza ubao wote,
nikaandika tu: *hausomeki*.
Mwezi wa kumi hukonda,
ukazihesabu mbavu zake za mawe.

Ndipo akaja Hashimu Nalyoto
na vidau sita vya plastiki, rangi ya embe bivu,
vimetumika, vimekwaruzika matumbo.
Akatundika kibao: BUSTANI YA VIDAU.
WATOTO NUSU BEI. MABOYA BURE.
Wakaja walimu wa Nachingwea, wauguzi wa Nyangao,
mafundi wa Mtwara na wachumba wao,
wakalipa ili waloweshwe.
Tulicheka, jamani. Maji haya haya
mtu anayalipia yampige usoni!

Akaenda kuomba kibali.
Fomu ile naijua. Kila mtu huomba kuchukua:
huyu lita kumi kwa sekunde, za nyanya,
yule tano, za matofali.
Swali la saba: *Utarudisha kiasi gani?*
Hashimu akajaza: *Yote.*
Afisa akavua miwani.
"Sasa wewe unaomba nini?"
"Naomba yapite."

Kikao kikaitishwa ofisi ya kata.
Chiputula, mwenye pampu tatu kule juu, akang'aka:
"Nyanya zangu zife, mtoto wa mjini apige kasia?"
Nami pembeni, daftari mapajani,
moyoni nilikuwa upande wake.
Akasimama Bi Fatu Mkwachu wa majaruba ya chini,
kanga kaifunga kiunoni:
"Mimi kidau sikipandi, naogopa hata beseni.
Lakini maji yanayobeba makalio ya walimu
ndiyo yanayonifikia.
Yakishaingia kwenye mpira wa Chiputula
sijayaona tena mpaka leo."

Wakaandika: ubao ukisoma arobaini, tumieni.
Ukishuka hapo, pampu zizimwe,
vidau vipandishwe ukingoni,
mto ujitumie wenyewe.
Na nani atasema ni arobaini?
Ofisi nzima ikanigeukia.

Tangu siku hiyo napewa salamu ndefu.
Chiputula alileta ndoo ya nyanya,
"za kiungo tu, mama."
Hashimu hakuleta kitu. Alisimama ngazini
Jumamosi moja ya Novemba,
kwaya nzima iko njiani toka Masasi, wameshalipa:
"Bi Somoe, maji yanacheza, yanapanda, yanashuka.
Si usome yakiwa yamepanda?"

Yalipanda. Yakashuka.
Nikasubiri yatulie.
Thelathini na nane.
Nikaandika kwa wino,
jioni nikarudisha ndoo,
imepungua kidogo; nyingine tulishazila.

Basi liligeuzia Mnazi Mmoja na kwaya yake.
Hashimu alinuna wiki mbili.
Pampu nazo zilinyamaza,
na usiku, baada ya miaka, nikasikia vyura
wakigombana hadi alfajiri.

Mvua ya kwanza ilipokwisha kunyesha
akaja kugonga mlango, kuchele,
ameshika boya la kuvaa.
Halikutosha kifuani; akalifunga kwa kamba ya katani.
Nikakaa kama gunia, nimeng'ang'ania kingo,
hadi akanifikisha chini ya daraja.

Sikuwahi kuuona ubao kutoka upande wa mto.
Namba zangu zimeota utelezi wa kijani,
msumari mmoja umelegea,
na pale kwenye thelathini na nane
konokono mdogo, amelala.
Nikanyoosha mkono.
"Usishike, utautikisa," akasema. "Soma."

Nikasoma kwa sauti: arobaini na...
maji yakatupitisha.